Hatua Kumi na Sita

Watu wakisikia kwamba nilikuwa dereva wa Libère, yule muuza vifaa vya ujenzi wa mtaa wa Asiatique, wanadhani kazi yangu ilikuwa kuendesha gari. Kuendesha gari anaweza mtu yeyote aliyefundishwa wiki mbili. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha bosi hatembei. Niliifanya vizuri kuliko dereva yeyote wa Bujumbura, na mnisamehe nikijisifu, maana mkifika mwisho hamtanisifu.

Kutoka mlango wa nyumba yake kule Gihosha hadi mlango wa gari zilikuwa hatua saba. Kutoka gari hadi kiti chake nyuma ya kaunta ya duka, hatua tisa. Hatua kumi na sita asubuhi, kumi na sita jioni, basi. Mwaka walipochimba barabara mbele ya duka kwa ajili ya mabomba, nilipandisha gari juu ya njia ya waendao kwa miguu, wauza vitambaa wakanitukana mpaka na mama yangu wakamtaja, lakini hatua tisa zikabaki tisa. Nililionea fahari jambo hilo.

Na chakula nilikuwa nakipeleka mimi. Saa nne, sambusa na chai ya maziwa. Saa saba nilipanda Gihosha kuchukua sufuria za Madame Geneviève, mkewe: ugali, sombe ya majani ya mihogo iliyoelea kwenye mawese, nyama, ndizi, na kipande cha samaki ikiwa mukeke umepatikana. Bosi alikula palepale kwenye kaunta, akipumzisha kijiko kila mteja alipoingia. Saa kumi na moja tulifunga duka tukaenda kabare, na huko ni brosheti, yaani mishikaki ya mbuzi, viazi vya kukaanga na bia kubwa mbili, tatu akikutana na rafiki. Halafu nyumbani meza imetandikwa, na mume asiyegusa chakula cha mke wake jioni amemtukana mbele ya watoto. Kwa hiyo alikula tena. Kwake kula mara mbili jioni moja ilikuwa ni adabu.

Sisemi haya kumcheka. Alikuwa mtu mwema, kuliko mimi. Odette, mke wangu, alipojifungua kwa kupasuliwa, Libère alinipa gari siku tatu nzima, na yeye siku hizo tatu akabaki amekaa nyumbani. Hakuna aliyewaza kwamba angeweza kwenda dukani kwa miguu. Hata mimi sikuwaza.

Gari lilijua uzito wake kabla ya daktari. Alikaa nyuma upande wa kulia, na amotisa, ile shokomzoba ya upande huo, nilikuwa naibadilisha kila mwaka wakati ile ya kushoto ina umri wa gari lenyewe. Siku tulipokwenda kwa Daktari Lisette, kwa sababu kichwa kilikuwa kinamgonga na miguu inavimba, mshale wa mizani yake ulifika mwisho ukasimama hapo ukitetemeka. Ikabidi tukampime dukani, kwenye mizani ya misumari. Kilo mia moja arobaini na moja. Nilimpigia daktari simu nikamtajia namba hiyo, akaniambia nimrudishe kesho yake, na mimi niingie ndani pamoja naye.

"We njo chauffeur?" aliniuliza. "Kaa, usikie na we." Akamgeukia Libère, akamwita kwa jina la binti yake. "Papa Chanelle, mwili yako iko nachoka. Tansiyo ya damu iko juu, sukari iko juu. Dawa nitakupa, lakini dawa peke yake apana. Ile chakula ya jioni, chagua moja, ya kabare ao ya nyumbani. Na utembee. Nusu saa kila siku."

"Nitembee wapi, Docteur? Na gari niweke wapi?"

"Gari iache."

Libère akacheka. Nami nikacheka, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Daktari hakucheka, akaniangalia mimi, siyo yeye.

Alijaribu, lazima niseme. Kiangazi kile asubuhi moja alitoka dukani kwenda benki kwa miguu, mitaa miwili tu, mimi nikimfuata polepole na gari kama tunakwenda kuzika. Haikufika saa sita, muuza saruji akapiga simu kuuliza kama gari limekamatwa na wadai. Mama mmoja wa kwaya akampigia Madame Geneviève: pole, dada, tumesikia. Siku zilezile alikuwa amepunguza kula, kola ya shati ikaanza kumlegea, na karani wa duka akanivuta pembeni akaniuliza kwa kunong'ona bosi ameanza lini kuugua. Kwetu mtu akinenepa anapewa hongera. Akikonda, ajieleze. Madame mwenyewe hakuvumilia. "Papa Chanelle," alimwambia tukiwa wote uani, "watu watasema sikupi chakula." Libère alidumu siku kumi na moja, kisha akarudi kwenye kiti cha nyuma, mimi nikapumua.

Halafu esansi ikakauka.

Petroli ilikuwa imeshaadimika kabla ya hapo, lakini safari hii ilikauka kabisa. Magari yalilala kwenye foleni za vituo siku nne, tano, wenye magari wakaacha ndugu zao ndani walinde nafasi. Mabasi yalitoweka. Mji mzima ukashuka chini, ukaanza kutembea. Asubuhi ya kwanza nilisimama uani kando ya gari lisilo na kitu ndani ya tangi, nikiona aibu kama niliyeiba. Libère akatoka amevaa raba za kitambaa ambazo sikujua kwamba anazo.

"Esansi iko?"

"Hakuna, Patron. Bujumbura mzima hakuna."

"Basi tushuke na miguu."

Barabara ilikuwa imejaa utafikiri kuna maandamano. Walimu, makarani wa wizara, wanafunzi, jaji mmoja amekunja joho lake kwapani. Hakuna aliyegeuza shingo kumwangalia Libère. Mkurugenzi mmoja ambaye zamani alikuwa anampungia mkono kupitia dirisha la gari alimkuta amesimama anahema, akamuuliza, "Na we, Libère?" Naye akajibu, "Na mi." Wakashuka pamoja wakicheka, mashati yameloa jasho migongoni. Hakuna simu iliyopigwa kumpa Madame pole.

Jioni ya kwanza, kupanda kurudi Gihosha, alisimama mara tatu kabla ya daraja la mto Ntahangwa na mara tano baada yake. Alihema mpaka nikaogopa atanifia barabarani. Wiki ya pili alisimama mara mbili tu. Kabare hakwenda tena, kwa sababu lilikuwa kwa upande mwingine na miguu yake ilikuwa inataka kitanda. Alifika nyumbani na njaa moja, akala mara moja, akalala. Mkanda wa suruali uliingia tundu la pili, kisha la tatu, na hakuna aliyeuliza anaumwa nini, kwa sababu mji mzima ulikuwa unakonda.

"Audace," aliniambia jioni moja tukiwa tumesimama juu ya daraja, "we unajua hapa mutu anaona ziwa? Miaka kumi na mbili napitaka hapa."

Alikuwa na furaha. Niliiona, na iliniudhi. Yeye alikuwa anatembea, na mimi nilikuwa natembea nyuma yake nimeshika mkoba wake. Dereva bila gari ni nini? Ni mtu anayeshika mkoba. Siku moja Madame Geneviève, akianika nguo, akaniambia bila ubaya wowote, "Audace, hii gari ikikaa hivi, mwisho wa mwezi tutaona." Kisha akaendelea kuanika. Nilikuwa na watoto watatu na chumba cha kupanga. Sitazunguka, niliogopa, na woga wangu ukageuka kuwa chuki kwa zile raba za kitambaa.

Odette ni wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, na kaka yake Mirindi anaishi kwa kuvuka mpaka wa Gatumba kila siku na baiskeli: leo sabuni, kesho vitenge, keshokutwa chochote kinachohitajika. Upande wa Kongo petroli ilikuwepo. Nilimfuata Jumapili nikamkuta anatengeneza mnyororo wa baiskeli mbele ya nyumba ambayo ukuta wake bado una mstari wa maji ya mafuriko.

"Bofrere, shemeji yangu, nitafutie esansi."

"Ya kuuza?"

"Ya patron."

"Patron anatembeaka, nilimuona. Anatembea muzuri."

"Nitafutie tu."

Akanitafutia. Ilikuja kwenye vidumu vya njano vya mafuta ya kupikia, imefunikwa na majani ya mihogo. Jumatatu alfajiri niliimimina kwenye tangi, nikaosha gari mpaka likang'aa, nikalirudisha kinyumenyume hadi kwenye ngazi, nikapiga honi mara moja. Majirani wakatoka kuangalia. Madame Geneviève akasimama mlangoni amefurahi kama siku ya harusi ya binti yake, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ua, "Tazama. Bujumbura mzima inatembea, sisi tuko na esansi."

Libère akatoka na raba zake miguuni. Akaliangalia gari kwa muda mrefu, akaniangalia mimi. Nilidhani amekosa maneno ya kunishukuru.

"Umeitoa wapi?"

"Nimeitafuta, Patron. Usiogope, itapatikana kila wiki."

Akawaangalia majirani, akamwangalia mkewe. Akarudi ndani, akatoka amevaa viatu vyake vya ngozi. Hatua saba, akapanda.

Kuanzia siku hiyo tukawa wakubwa. Gari letu lilikuwa moja kati ya machache yaliyokuwa yanatembea, na kila mtu akawa rafiki wa Libère. Walimngoja mbele ya duka saa kumi na moja wapate lifti, na mtu aliyepewa lifti hawezi kushuka bila kusema asante, na asante ya Bujumbura ni brosheti na bia. Zamani tulikuwa tunakwenda kabare moja. Sasa tulikuwa tunapita mawili, siku nyingine matatu, kwa sababu kila abiria alikuwa na la kwake. Hakuweza kukataa. Ungemwona ameshika ule mshikaki wa nne, anautazama, anaupeleka mdomoni kama mtu anayemeza dawa. Halafu nyumbani, meza ya Madame. Mkanda ukarudi tundu la pili, la kwanza, kisha akauacha kabisa akavaa suruali za kamba. Asubuhi aliposhuka ngazi, zile hatua saba zikaanza kumtoa jasho. Mimi nilimfungulia mlango, nikamshika mkono, nikamwambia, "Pole pole, Patron." Niliona yote hayo. Msidhani sikuona. Lakini mshahara ulikuwa unaingia, Odette alikuwa hanuni, na nilijiambia kwamba daktari ni Lisette, siyo mimi.

Mwezi wa nne tangu vidumu vya kwanza, Mirindi akanipigia simu. Askari wa mpakani walikuwa wameanza kufunua majani ya mihogo, wenzake wawili wamenyang'anywa vidumu.

"Ngoja kesho kutwa," alisema. "Siku mbili tu, bofrere. Mutu wako atembee siku mbili. Atakufa?"

"We hujui kazi yangu."

"Apana. Najua kazi yako."

Nilikata simu. Tangi lilikuwa tupu kabisa. Nilikwenda kwa dereva mmoja wa teksi wa mtaa wangu aliyekuwa ameficha esansi yake ya mwisho, nikambembeleza, nikamwachia saa yangu ya mkononi, nikaweka bomba la mpira mdomoni nikavuta. Ilinijaa mdomoni. Siku nzima kila nilichomeza kilikuwa na ladha ya petroli. Lakini saa moja kasoro nilikuwa kwenye ngazi, gari safi, injini inanguruma. Libère alipotoka alisimama kidogo mlangoni, kama aliyeambiwa kwamba leo gari halipo.

"Esansi iko?"

"Iko, Patron," nikamjibu, nikitabasamu.

Jioni ile abiria walikuwa watatu, kwa hiyo makabare matatu. Kwenye la tatu waliagiza nyama ya nguruwe na ndizi, sinia moja kubwa, wakamwekea upande wenye mafuta kwa heshima. Tulipoanza kupanda Gihosha giza lilikuwa limeshaingia. Baada ya daraja nilimsikia anasema kitu, nikadhani anaongea na simu. Nikawasha taa ya ndani, nikaangalia kwenye kioo. Mdomo wake ulikuwa umeshuka upande mmoja, mate yanatiririka kwenye shati, na mkono wa kulia unaning'inia ubavuni kama si wake. Akaendelea kusema, lakini hayakuwa maneno.

Niligeuza gari. Sikumbuki niliendeshaje. Hospitalini nilifungua mlango nikamkumbatia kifuani nikavuta, hakusogea. Mimi niliyekuwa nimembeba miaka kumi na mbili bila kumwacha aguse ardhi, sikuweza kumtoa kwenye gari. Nililia palepale. Walikuja wanaume sita na shuka nene, kiti cha magurudumu kikawa chembamba, wakambeba kwenye shuka kama gunia la saruji, na watu waliokuwa kwenye foleni wakasimama kuangalia.

Daktari Lisette alifika usiku, nyuma ya Madame Geneviève. Alitoka kwenye chumba cha wagonjwa na karatasi mkononi, akatukuta kwenye korido.

"Alikuya kwangu wakati esansi imeisha," alisema. "Peke yake, na miguu. Alikuwa amepunguza kilo nane, tansiyo imeshuka. Nilimuambia, Papa Chanelle, ukiendelea hivi miezi sita, nitakupunguzia dawa. Alifurahi sana. Kisha sikumuona tena. Juu ya nini aliacha?"

Madame aliniangalia, kwa sababu kweli hakujua. Mimi niliangalia sakafu.

Hakufa. Nasikia watu wanasema tushukuru, na mimi hujibu tushukuru. Upande wa kulia umekwisha, mguu na mkono. Anaongea sasa, polepole, neno moja kisha jingine, na herufi nyingine hazitoki. Wiki mbili baada ya kutoka hospitalini Madame Geneviève aliniita sebuleni, akanishika mikono yote miwili.

"Audace, nilisema siku moja vibaya, usiweke ku roho. Sasa hivi hautaondoka hapa. Nani mwingine anaweza kumubeba? Kazi yako haiishi, mpaka Mungu amuchukue."

Nilipomsimulia Odette, alifurahi. Alipika wali. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe, nikamwambia Mungu kwamba sikumaanisha hivi, kisha nikajiuliza basi nilimaanisha vipi.

Kila Jumanne na Ijumaa nampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi. Anamsimamisha kati ya vyuma viwili na kumwambia apige hatua. Siku ya kwanza alipiga nusu. Mtaalamu ni kijana mcheshi, anapiga makofi kwa kila kitu, alipiga makofi hata kwa ile nusu. Mimi nasimama ukutani. Ijumaa iliyopita alipiga mbili, akaanguka kwenye mikono yangu, akatokwa na machozi, nikashindwa kuendelea kunyamaza. Nilimrudisha garini, nikamweka kwenye kiti cha mbele ambako sasa ndiko anakokaa, na sikuwasha injini.

"Patron," nilimwambia, "ile esansi. Sikuitafuta kwa ajili yako. Niliogopa kazi yangu itaisha. Docteur alinieleza na mi nilisikia. Niliona unatembea, niliona unapona. Mi njo nilikurudisha ku kiti."

Wauza machungwa walipita mbele ya kioo, mmoja akatuonyesha kikapu, nikatikisa kichwa. Libère alikuwa anayatafuta maneno moja moja. Nilijiandaa kwa tusi, na ningelipokea kwa mikono miwili.

"Najua," alisema. "Nilijua... siku ileile."

"Sasa juu ya nini hukukataa? Ungeniambia tu, Audace, rudisha hii gari."

Alinigeuzia ule upande wa uso unaosogea bado.

"Gari iko ku mlango. Imejaa. Jirani zote wanaangalia, Mama Chanelle anacheka." Alivuta pumzi. "Nitapita pembeni yake... niende na miguu? Watasema nimekuwa mwehu. Bila esansi, nilikuwa na haki ya kutembea." Akapumzika tena. Mate yalianza kumtoka, nikamfuta kwa kitambaa, naye akaushika mkono wangu kwa mkono wake mzima. "Kila asubui, kabla nifungue mlango, nilikuwaka naomba Mungu."

"Uliomba nini, Patron?"

"Ukose," alisema. "Nilikuwaka naomba ukose."